Kila mtu ofisini ananipa amri: nimtii nani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, na baba yangu alikuwa katekista wa Kanisa la Anglikana mpaka alipostaafu. Sasa ninaishi na mume wangu katika mji mmoja wa katikati ya Marekani, na tunasali katika parokia ya Kanisa la Episkopali, ambalo ndilo Anglikana la hapa. Parokia yetu ina ibada ya Kiingereza saa nne asubuhi na ibada ya Kiswahili saa saba mchana, ambayo huhudhuriwa zaidi na ndugu zetu Wakongo waliofika hapa kama wakimbizi. Tangu mwaka juzi nimeajiriwa kuwa karani wa parokia kwa saa 20 kwa wiki: ninapokea simu, ninaandika barua, ninatunza daftari la ubatizo na ndoa, na kila wiki ninaandaa kijitabu cha ibada.

Nilipoanza kazi, parokia haikuwa na kasisi kiongozi, kwa kuwa aliyekuwepo alikuwa amestaafu. Kwa zaidi ya mwaka mzima aliyenielekeza kazi alikuwa mkuu wa wazee wa kanisa, yule anayeitwa wardeni mkuu, mzee ambaye amelitumikia kanisa hili tangu ujana wake. Yeye ndiye aliyesaini hundi zangu na ndiye aliyenikabidhi funguo. Nilimheshimu kama baba, na bado ninamheshimu. Baadaye akaja mchungaji mpya, mwanamke wa rika langu, mtu mpole lakini mwenye msimamo.

Sasa maagizo yananifikia kutoka kila upande. Mchungaji amesema kijitabu cha ibada kikamilike Alhamisi saa sita mchana. Mpiga kinanda huniletea nyimbo Alhamisi hiyo hiyo jioni na kutaka nibadilishe kila kitu. Shemasi, ambaye ni nesi mstaafu na ndiye anayesimamia mgawo wa chakula kwa wahitaji, huniachia vikaratasi vya njano juu ya kompyuta kwamba nimpigie huyu simu na nichape tangazo lile. Wardeni naye huingia ofisini kila Jumanne bila hodi, akakaa kwenye kiti cha wageni na kunipangia kazi kama zamani.

Mwezi uliopita alinitaka nimtolee orodha ya watu wote waliopewa hundi kutoka mfuko wa hisani wa mchungaji, na pia niwe ninaandika saa anazofika mchungaji ofisini na saa anazoondoka. Aliniambia kwamba mimi ndiye macho ya wazee pale ofisini. Sikukubali wala sikukataa, nikasema nitaangalia. Tangu siku hiyo sina raha ya kwenda kazini.

Upande wa Kiswahili nako kuna yake. Tunaye kasisi msaidizi, Mkongo, mtu mwema sana. Wazee wa ibada ile hunifuata mimi baada ya ibada na kuniuliza kwa nini familia fulani ililipiwa kodi ya nyumba na nyingine haikulipiwa, kana kwamba mfuko uko kwangu, kwa sababu mimi ndiye ninayewakabidhi watu bahasha. Isitoshe, kijitabu cha Kiswahili ninakiandaa Jumamosi usiku nyumbani bila malipo, kwa kuwa niliambiwa kwamba hiyo ni huduma kwa watu wangu.

Shangazi, nimelelewa kwamba mzee wa kanisa hajibiwi. Je, nikimkatalia wardeni nitakuwa nimekosa adabu? Nimwambie mchungaji au ninyamaze? Na mkuu wangu wa kazi hasa ni nani?

Karani wa Parokia, Marekani

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi.

Ninaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo linalofungua mengine yote. Mkuu wako wa kazi ni kasisi kiongozi, ambaye Waepiskopali humwita rekta, na si mwingine awaye yote. Ninajua kwa nini jambo hili halikuwa wazi kwako. Kwetu tumezoea kwamba askofu ndiye anayempangia kasisi mahali pa kazi na kumhamisha anapoona inafaa, kwa hiyo wazee wa kanisa hubaki wenyeji, na kasisi hupita. Kanisa la Episkopali lilipojitungia katiba na kanuni zake mjini Philadelphia mwaka 1789, baada ya makoloni kujitenga na mfalme wa Uingereza, lilishika njia nyingine. Humo parokia yenyewe, kupitia halmashauri yake inayoitwa vestri, ndiyo inayomchagua rekta. Majina ya wanaopendekezwa hupelekwa kwanza kwa askofu, naye hupewa muda usiozidi siku 60 wa kuzungumza na vestri juu yao.

Akishachaguliwa, rekta hukaa. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 72, na kabla ya hapo vestri haiwezi kumwondoa kwa kura yake peke yake. Wasipoelewana, shauri hupelekwa kwa askofu kwa maandishi. Kanuni humkabidhi ibada, matumizi ya jengo la kanisa na nyumba zake, na haki ya kuona daftari na kumbukumbu zote. Yeye ndiye mwenyekiti wa vikao vya vestri, au mjumbe atakayemteua. Kwa desturi ndiye anayeajiri watumishi wa ofisi na kuwasimamia, na vestri inashika mali, bajeti na viwango vya mishahara. Yaani wazee hao wana haki ya kuamua kama parokia ina uwezo wa kumlipa karani na kwa kiasi gani, lakini karani akishaajiriwa hawana kazi ya kumpangia shughuli za Jumanne, hata kama wao ndio waliomwajiri wakati kiti cha rekta kilipokuwa wazi.

Kuna jambo dogo la kuhakikisha. Tazama katika kile kijitabu unachokiandaa kila wiki jinsi cheo cha mchungaji wako kinavyoandikwa. Kama ameandikwa kuwa kasisi msimamizi badala ya rekta, basi amewekwa na askofu baada ya kushauriana na vestri, na mkataba wake ndio unaoeleza muda na mipaka yake. Nafasi ya namna hiyo haina ulinzi ule wa rekta, na pengine hilo lingeeleza kwa nini kuna watu wanahesabu saa zake. Kwako wewe, hata hivyo, jibu ni lile lile: yeye ndiye anayekusimamia.

Sasa tumzungumze mzee wako, na nitamtetea kidogo, kwa sababu barua yako mwenyewe inamtetea. Parokia inapobaki bila rekta, wardeni ndio wanaotakiwa na kanuni kumwarifu askofu kwa maandishi bila kuchelewa. Na parokia ikishindwa kuwa na ibada kwa siku 30, askofu huingilia na kupanga mwenyewe. Kwa hiyo kwa zaidi ya mwaka mzima mzee huyu alitafuta makasisi wa kuja kuendesha ibada, akasaini hundi, akafungua mlango fundi wa mabomba alipokuja, na akakufundisha wewe kazi, yote hayo pasipo mshahara. Aliyoyafanya yalikuwa wajibu wake. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye, kumshukuru kwa dhati na kumwambia kwamba zamu ile imekwisha. Parokia nyingi hufanya sherehe kubwa ya kumsimika rekta mpya, zikamkabidhi funguo, Biblia na mafuta mbele ya askofu, lakini hazimpi yule aliyeshika usukani katika kipindi cha katikati hata nafasi ya kusema neno. Kisha wanashangaa akiendelea kuja ofisini.

Lakini kumwambia hivyo si kazi yako. Ni kazi ya mchungaji, tena katika parokia nyingi wardeni mkuu huteuliwa na rekta mwenyewe na hutarajiwa kuwa msiri wake, kwa hiyo wawili hao wanapaswa kuwa na mahali pa kuzungumzia mambo yao pasipo kukupitia wewe.

Kuhusu kuandika saa za mchungaji, kataa, na ukatae mapema. Sisemi hivyo kwa sababu mchungaji hapaswi kuwajibika. Ninasema hivyo kwa sababu hesabu inayofanywa kutoka kwenye meza yako itakuwa ya uongo tangu ukurasa wa kwanza. Kasisi aliyekesha hospitalini na familia inayomuuguza baba yao hataonekana ofisini saa tatu asubuhi, wala aliyetumia siku nzima kuandaa mahubiri na maziko hataonekana. Wewe utaandika tu kwamba hakuwepo, na karatasi yako itasomwa kama ushahidi. Kama wazee wana wasiwasi na utendaji wake, ipo njia. Uhusiano wa rekta na parokia unapoingia hatarini, rekta mwenyewe au wajumbe walio wengi wa vestri wanaweza kumwomba askofu aingilie na kusaidia kupatanisha. Na kama mtu yeyote, ukiwemo wewe, ameona jambo zito kama wizi wa fedha au unyanyasaji, kila dayosisi ina mtu aliyeteuliwa kupokea malalamiko dhidi ya makasisi, na huhitaji ruhusa ya wardeni wala ya vestri kumfikia. Ila uliloombwa kufanya haliko katika njia hizo mbili.

Uliuliza kama kukataa ni utovu wa adabu. Mwanangu, adabu iko katika namna ya kusema, na wewe umelelewa vizuri, kwa hiyo namna unaijua. Mzee akija Jumanne, inuka umpokee, msalimie, mpe kahawa, kisha umwambie kwa upole: "Mzee wangu, nimefikiria lile uliloniomba. Saa za mchungaji na majina ya waliosaidiwa si mambo yangu kuyatoa. Nakuomba umuulize mwenyewe, na kama ni hesabu za fedha, mweka hazina ataweza kukusaidia." Usiongeze maelezo. Akikukumbusha kwamba yeye ndiye aliyekuajiri, mshukuru tena na urudie maneno yale yale.

Na mchungaji umwambie, tena kabla ya Jumanne hiyo. Ninajua unaogopa kuonekana mchonganishi, lakini ukinyamaza halafu akasikia kwa mwingine kwamba uliombwa orodha ile, hatajua kama uliitoa au hukuitoa. Usiende na hadithi ya tabia za mzee wala jinsi anavyokaa kwenye kile kiti. Mweleze ombi lenyewe, jibu unalokusudia kulitoa, na umuulize kama anaafiki. Yaliyobaki ni kati yake na wardeni wake.

Juu ya mfuko wa hisani nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo barua yako inapounganisha ofisi na ibada ya Kiswahili. Mfuko huu una msingi katika kanuni za Kanisa: sadaka ya Jumapili moja katika kila mwezi, ile inayotolewa wakati wa Ushirika Mtakatifu bila kutajiwa matumizi maalumu, pamoja na matoleo mengine kwa ajili ya maskini, huwekwa mikononi mwa kasisi anayesimamia parokia ili aitumie kwa mambo ya huruma kama atakavyoona inafaa. Uamuzi ni wake, lakini fedha si zake. Haruhusiwi kujilipia mahitaji yake mwenyewe kwa mfuko huo, na hesabu zake hukaguliwa kila mwaka pamoja na hesabu nyingine za parokia. Kwa hiyo wardeni akitaka kujua kiasi kilichoingia na kilichotoka, ana haki ya kuuliza na atajibiwa. Majina ndiyo yasiyosambazwa, kwa sababu mama aliyekwenda kwa kasisi akilia kwamba atafukuzwa kwenye nyumba hakuja kulia mbele ya halmashauri nzima.

Wewe hufungwi na siri ya maungamo, ambayo Kitabu cha Sala cha mwaka 1979 kinamkataza kasisi kuivunja kwa hali yoyote ile. Hata hivyo jina uliloliona juu ya bahasha limekufikia kwa sababu ya kazi yako, na linapaswa kuishia hapo hapo. Hili ni gumu zaidi kwako kuliko lingekuwa kwa karani Mmarekani, maana yeye akifunga ofisi anakwenda zake, lakini wewe unakutana na watu hao sokoni, kwenye misiba na kwenye send-off, na lugha ni moja. Wazee wa Kikongo wakikufuata baada ya ibada, waambie kwamba wewe unabeba bahasha iliyokwisha kufungwa, na kwamba mwenye kuulizwa ni kasisi. Si kwamba wana nia mbaya. Wengi wao wanatoka katika kanisa ambalo katekista wa kijijini ndiye anayemjua kila mwenye shida na ndiye anayemsemea kwa mchungaji anayepita mara chache. Wamekuona wewe, binti wa katekista, wakakuweka katika nafasi hiyo. Mwombe kasisi msaidizi alitangaze mwenyewe kwa Kiswahili, mbele ya wote, kwamba mwenye shida amwone yeye, naye atamfikishia rekta. Na bahasha zitoke mikononi mwa makasisi. Ukifanikiwa kuachana na bahasha, utashangaa jinsi maswali yatakavyopungua.

Mpiga kinanda na shemasi hawahitaji maneno mengi. Katika muziki, kanuni zinampa kasisi neno la mwisho, kwa hiyo muda wa Alhamisi saa sita ni wa mchungaji na yeye ndiye atakayemweleza mpiga kinanda. Ukipelekewa nyimbo jioni, jibu kwamba kijitabu kimefungwa na kwamba mabadiliko yanahitaji idhini yake. Shemasi ni tofauti kidogo, na inafaa ujue. Shemasi hutumikia moja kwa moja chini ya askofu, ambaye ndiye anayempangia mahali pa huduma, na mara nyingi halipwi chochote, lakini katika mambo ya parokia alikopangwa yuko chini ya kasisi anayeisimamia. Kazi yake kwa maskini na wagonjwa ndiyo hasa aliyowekewa mikono kuifanya, na vikaratasi vyake vya njano pengine vinahusu mtu ambaye hana chakula leo. Mimi ningempendelea. Muulize tu mchungaji ni saa ngapi kwa wiki unaruhusiwa kumpa, na shemasi mwenyewe mwambie vikaratasi akuandikie vyote siku moja.

Limebaki lile la Jumamosi usiku, na hapa sitakuwa mpole. Ibada ya Kiswahili si kanisa la pili lililopanga chumba ndani ya la kwanza. Ni ibada ya parokia hiyo hiyo, kasisi msaidizi wenu anafanya kazi chini ya rekta huyo huyo, na kijitabu chake ni kijitabu cha parokia. Ukilipwa kuandaa kimoja saa za kazi na kutakiwa kuandaa cha pili bure nyumbani, hiyo ni kazi ile ile isiyolipwa. Kwa ujumla sheria ya kazi ya Marekani haimruhusu mwajiri, hata shirika lisilo la faida, kumpokea mwajiriwa wake kama mtu wa kujitolea katika kazi ile ile anayolipwa kuifanya. Kuimba kwaya, kufundisha watoto Jumapili au kupika siku ya mavuno ni huduma yako kwa Mungu na hakuna anayekuzuia. Kijitabu ni ajira. Neno huduma ni zuri, lakini nimeona likitumiwa mara nyingi zaidi kwa wahamiaji na kwa wanawake kuliko kwa mpiga kinanda, ambaye sijapata kusikia akiambiwa acheze bure.

Kisha piga hesabu nyingine. Saa 20 kwa wiki ni saa 1,040 kwa mwaka. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Episkopali wa mwaka 2009 uliamua kwamba walei walioajiriwa na parokia na kupangiwa saa 1,000 au zaidi kwa mwaka waingizwe katika mpango wa pensheni, na parokia zilitakiwa kutekeleza hilo kufikia mwanzo wa mwaka 2013. Katika mpango ambao kila mfanyakazi ana akaunti yake, mwajiri huchangia angalau asilimia 5 ya mshahara, na ukiweka akiba yako mwenyewe huongeza kiasi kinacholingana nacho hadi asilimia 4. Kwa makasisi mchango ni asilimia 18, nao hakuna anayewasahau. Hukutaja pensheni katika barua yako, na barua yako imetaja hata vikaratasi vya njano, kwa hiyo ninashuku kwamba hukuambiwa, pengine kwa sababu uliajiriwa wakati ambapo hapakuwa na rekta wa kufuatilia mambo hayo. Usishangae pia mtu akipendekeza saa zako zishushwe hadi 19 kwa wiki. Zitakuwa 988 kwa mwaka, na utajua kwa nini.

Omba muda wa kuonana na mchungaji, nusu saa inatosha, mlango ukiwa umefungwa. Mwombe akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, yakionyesha kwamba maagizo yanatoka kwake na kwamba kijitabu cha Kiswahili kimo ndani ya saa zako au kimeongezewa saa zake. Ukiwa na karatasi hiyo, nenda kwa mweka hazina umuulize juu ya pensheni, na swali lako uliandike kwenye barua pepe ukimpa mchungaji nakala. Fanya hivyo kabla vestri haijapitisha bajeti ya mwaka ujao, maana ikishapita utaambiwa usubiri mwaka mwingine.

Shangazi